Homa ya Ijumaa

Nyumbani, 14 Machi

Mwanangu,

Sisi wazima, ukiacha magoti yangu, ambayo sasa yananigombeza kila nikiinuka. Nimeona nikuandikie mwenyewe kabla shule haijakuandikia. Mwanao Chiriku anaumwa. Anaumwa, anapona, anaumwa tena. Nimefanya kazi zahanati miaka thelathini na moja na sijui kueleza ugonjwa kwa maneno mengi, kwa hiyo nakuwekea kama nilivyozoea, tarehe na dalili.

6 Februari, tumbo.
13 Februari, kichwa, hataki mwanga.
20 Februari, homa, kipimajoto kimesoma thelathini na tisa na nusu.
27 Februari, anasema ametapika, sikuyaona matapishi.
6 Machi, mguu, hawezi kukanyaga.
13 Machi, tumbo tena.

Siku zote sita hakwenda shule, na zote nimemwandikia karatasi ya ruhusa nikaisaini. Kesho yake huwa mzima. Shule wanasema mtoto akifikisha siku kumi bila cheti cha hospitali, anarudia darasa. Amebakiza nne.

Soma, ufikiri, ndipo unijibu. Usinijibu upesi upesi kama ulivyo.

Mama yako


Kambini, 17 Machi

Mama, shikamoo.

Umesema nisijibu upesi. Barua yako imeletwa jana na dereva wa lori la mafuta, nimelala nayo, nimeamka nayo, nimeunguza maharage ya wajenga barabara themanini kwa ajili yake. Sasa najibu.

Hizo tarehe zako nilizisoma nikahisi nazijua. Nikafungua daftari la stoo. Huku nyama inaingia mara moja tu kwa wiki, siku ya Ijumaa, nami ndiye ninayeipokea na kuandika. Tarehe 6 Februari, nyama. Tarehe 13, nyama. Tarehe 20, nyama. Zote, Mama! Zote sita! Ugonjwa gani huo unaokuja siku moja na lori la nyama? Hiyo ni homa ya Ijumaa, na Jumamosi mgonjwa anaruka kamba.

Na wewe! Wewe uliyekuwa ukiwatoa watu wazima kwenye foleni kwa kuwatazama tu, "wewe huumwi, unataka ruhusa ya kazini, nenda zako," leo mtoto wa miaka kumi na mmoja anakuchezea shere wiki sita mfululizo na unamsainia karatasi?

Mimi nasimama mbele ya moto tangu alfajiri. Nyusi zangu zimeungua, sina tena nyusi. Sipo huku kwa kupenda, nipo ili mjukuu wako asome. Akikosea ni mjukuu wako, leo simwiti mwanangu. Ana viatu, ana madaftari, ana dawati, na mwaka huu mwalimu amempa hata ukiranja, heshima ambayo mimi sikuwahi kuipata. Halafu analala kitandani anashika tumbo!

Ijumaa hii aende. Akilia, aende akilia. Akisema mguu, mwambie anao mwingine. Asipokwenda nitamfuata mwenyewe, nimlete huku kambini amenye viazi kutwa, na habari ya shule iishie hapo. Sitanii.

Na yeye msomee haya: Unafikiri mimi ni mtoto wa jana? Nikikutia mkononi utajuta kuzaliwa na ulimi. Mwongo mkubwa we.

Mwanao


Nyumbani, 21 Machi

Mwanangu,

Uliagiza aende, amekwenda. Jana Ijumaa alivaa mwenyewe, hakutaja tumbo wala mguu, akanywa chai yake, akaondoka.

Alirudi saa tisa. Viganja vyote viwili vimevimba, na cha kulia ngozi imechanika chini ya kidole gumba. Nimekiosha, nimekifunga. Hii sikuambiwa na mgonjwa, nimeiona kwa macho yangu. Leo nimemlisha kwa kijiko kama mtoto mchanga.

Yale uliyotaka nimsomee sikumsomea.

Ukitaka kujua kimetokea nini, muulize mwalimu. Ninyi wawili mnaandikiana.

Mama yako


Kambini, 23 Machi

Kwa Mwalimu wa Darasa la Tano,

Mimi ni mama wa kiranja wako. Nimeandikiwa kwamba Ijumaa mwanangu amerudi nyumbani mikono imechanika, hawezi kushika kijiko.

Mimi sipingi mtoto kuonywa. Lakini kuna kuonya na kuna kuchinja. Naomba unieleze amefanya kosa gani, amechapwa na nani na fimbo ngapi. Majibu ya barua hii mpe dereva wa lori la mafuta anapopita Alhamisi, asirudi mikono mitupu. Nikikosa jibu nitamwandikia Mwalimu Mkuu, na huko sitaomba.

Mama wa mtoto


Shuleni, 25 Machi

Mzazi,

Nimepokea barua yako. Lugha yake haikunipendeza, lakini mama ana uchungu na mwanawe, nimeimeza.

Nina wanafunzi sabini na wawili katika chumba kimoja. Utaratibu wangu ni ule ule kwa miaka tisa na haujawahi kuniangusha. Kiranja anaandika wapiga kelele wa wiki nzima, na Ijumaa asubuhi ananipa karatasi yenye majina yasiyopungua kumi. Kila jina ni fimbo mbili. Unaweza kuuliza kwa nini kumi. Nisipotaja idadi, viranja wanaficha rafiki zao. Kiranja akileta majina pungufu, nafasi zilizobaki anazijaza yeye kwa mikono yake.

Mwezi wa Januari mwanao alileta majina kumi kila wiki, bila shida. Baadaye nasikia wenzake walimsusa. Hayo ni mambo ya watoto, yanapita. Kuanzia Februari Ijumaa ikawa siku yake ya kuumwa, na msaidizi wake ndiye akawa anaandika.

Ijumaa iliyopita alikuja na karatasi. Niliifungua mbele ya darasa kama kawaida, nikasoma jina la kwanza. Lilikuwa lake. La pili, lake. Alikuwa ameandika jina lake mara kumi, mwandiko mzuri, na namba pembeni, moja hadi kumi. Darasa zima liliangua kicheko. Nilimwomba aandike upya, akakataa. Hiyo ni dharau, mzazi. Nikampa haki ya majina kumi, fimbo kumi kila mkono.

Nakukumbusha pia kwamba ukiranja huu uliuomba wewe. Barua yako ya tarehe 12 Januari ninayo hapa mezani. Umeandika hivi: "Ripoti ya mwaka jana inasema mwanangu anaongea mno. Mpe ukiranja, umfunge mdomo. Nimekukabidhi, usimwonee huruma. Bibi yake akija kulalamika usimsikilize, mama yangu amezeeka na huyo mtoto anamchezea apendavyo."

Bibi yake alikuja kweli, tarehe 16 Februari, akitaka nimvue mtoto ukiranja. Nilimsomea barua yako. Akaondoka.

Mimi natekeleza ulichoniagiza.

Mwalimu wa Darasa la Tano


Kambini, 26 Machi

Mama,

Dereva ameshawasha injini, ananipigia honi, naandika nimesimama. Kesho asiende! Mlaze, mfunike, mwandikie karatasi, sema ana ugonjwa wowote unaoujua. Asiguse mlango wa shule hiyo mpaka nikwambie.

Ulikwenda shuleni. Akakusomea. Tangu Februari unajua, na umekaa kimya! Kwa nini hukuniambia, Mama? Mstari mmoja tu! Nina hasira nawe mpaka kalamu inatoboa karatasi. Nina hasira na huyo mwalimu, nikiifikiria hiyo "haki ya majina kumi" nataka kutembea kwa miguu mpaka huko. Na zaidi ya wote nina hasira na mimi, na hiyo sina pa kuipeleka. Ile barua ni mkono wangu. Niliiandika nimekaa juu ya gunia la mchele, dakika tano hazikufika, nikaona nimefanya jambo la maana sana.

Fimbo ishirini, Mama. Na mimi nilimwita mwongo.

Mwanao


Nyumbani, 28 Machi

Mwanangu,

Umeniuliza kwa nini. Haya, zima moto, kaa chini.

Ulidhani sijui kwamba anajifanya? Ile Ijumaa ya kwanza nilimbonyeza tumbo upande wa kulia, akalia. Nikambonyeza kushoto, akalia. Nikamshika goti, akalia vile vile. Hiyo homa ya thelathini na tisa na nusu alichovya kipimajoto kwenye kikombe cha chai, mbele ya pua yangu, kisha akaniuliza kama sukari imebaki. Mimi huyo ndiye wa kunidanganya? Nilikula chumvi kabla mama yake hajaota meno.

Lakini zahanati ilinifundisha kitu. Mtu mzima wa mwili akija kujilaza kwenye benchi, haitoshi kujua kwamba hana ugonjwa. Lazima ujue anakimbia nini. Wengine walikuwa wanakimbia mabosi, wengine waume zao. Kwa hiyo nilimfunika blanketi, nikakaa pembeni, nikanyamaza. Ijumaa ya pili akaniambia.

Unamjua yule binti wa fundi viatu, waliyekaa dawati moja tangu darasa la kwanza? Wiki moja ya Januari karatasi ya Chiriku ilikuwa na majina tisa. Tisa, mwanangu. Alipungukiwa moja, na kengele imelia. Akamwandika rafiki yake, ambaye hakuwa amesema neno. Binti alichapwa, akarudi akachukua begi lake, akahama dawati. Tangu siku hiyo mtoto wako anakula peke yake nyuma ya vyoo.

Nikavaa gauni langu la kutokea, nikaenda shuleni. Nilipanga njia nzima cha kusema. Mwalimu akatoa barua kwenye droo akanisomea, kwa sauti, na walimu wengine wawili wanakunywa chai hapo hapo. "Mama yangu amezeeka na huyo mtoto anamchezea apendavyo." Nilikulea peke yangu kwa mshahara wa kufunga vidonda, nikaja kuvuliwa nguo na wewe mbele ya watu wenye vikombe mkononi.

Nilikasirika, ndiyo. Bado nimekasirika. Nikasema simwambii, atajionea mwenyewe. Ruhusa ya kumtetea mtoto uliniondolea, nikabaki na ruhusa ya kumlaza. Nikamlaza.

Na zile tarehe nilikutumia kwa makusudi. Nilijua utazing'amua, kichwa chako ni cha hesabu tangu utotoni. Nilidhani utaniuliza, "Mama, kwa nini Ijumaa?" Ulihesabu vizuri sana, ukakamata mwongo, ukaridhika. Hukuuliza.

Sasa na langu. Ile barua yako ya viazi ningeweza kuichana. Ningeweza kumzuia mtoto mlangoni. Lakini nilisema moyoni, haya, aende, mama yake aone matunda ya barua zake. Nilimwacha mtoto atoke ili nikukomoe wewe. Nilipofungua viganja vile nilijua nimefanya nini. Hilo siwezi kukubandikia, ni langu.

Jana sikumpeleka. Hiyo ni siku ya saba. Acha kulia juu ya masufuria ya watu, fanya kitu.

Mama yako


Kambini, 30 Machi

Mwalimu,

Barua niliyokuandikia tarehe 12 Januari naifuta. Neno kwa neno. Nilikukabidhi mtoto nikiwa sijui unachofanya naye, na hilo ni kosa langu, nitalijibu mbele ya mtoto na mbele ya mama yangu. Mbele yako silijibu.

Unasema unatekeleza nilichoagiza. Kumi sikukuagiza. Hiyo kumi ni yako. Mimi napikia wanaume themanini, na wakorofi wapo. Nyapara akinijia aniambie kila Ijumaa nimtajie walevi kumi, wawe wamelewa au hawajalewa, na nikikosa nichapwe mimi, nitammwagia supu miguuni. Kazi ambayo mtu mzima angeikataa kwa matusi, wewe umempa mtoto wa miaka kumi na mmoja. Kisha alipokataa kwa adabu, kwa mwandiko mzuri na namba pembeni kama ulivyosema mwenyewe, ukaita dharau. Mwanangu alikuonyesha njia ya kutomwonea mtu yeyote, ukamchania mikono kwa sababu watoto walicheka!

Na mama yangu hajazeeka. Ule ujinga niliuandika mimi, lakini kumsomea mbele ya watu hakuna aliyekutuma.

Nimeomba ruhusa, nimepewa siku tatu. Alhamisi nashuka na lori la mafuta. Ijumaa saa mbili asubuhi nitakuwa darasani kwako, dawati la nyuma. Nitaongea. Nitaongea wakati wa hesabu, nitaongea wakati wa kusoma, nitaongea mpaka Mwalimu Mkuu aje kuuliza kuna nini. Mwambie kiranja wako mpya anoe penseli, aandike jina langu.

Mama wa mtoto


Nyumbani, 11 Aprili

Mama, shikamoo.

Bibi amesema nikuandikie kwa kuwa mkono umepona, na amesema nisiandike upuuzi. Sasa hivi anafua nyuma, haoni ninachoandika.

Mimi si kiranja tena. Wala hakuna kiranja wa majina. Jumatatu Mwalimu Mkuu alikuja darasani akasema karatasi za Ijumaa basi, mwenye kelele mwalimu amwone kwa macho yake mwenyewe. Fimbo bado ipo. Wiki hii wamechapwa watatu, na wa tatu ni mimi, fimbo moja, lakini nilikuwa naongea kweli. Usimwandikie mwalimu. Nimesema nilikuwa naongea kweli.

Watoto bado wanakuigiza ulivyokaa kwenye lile dawati, magoti yamekaribia kidevu, unaeleza kwa sauti jinsi ya kupika wali wa watu themanini bila kuunguza, na mwalimu anaandika hesabu za sehemu ubaoni kama hakusikii. Nilitaka kucheka, nilitaka pia kuingia chini ya sakafu. Na Mwalimu Mkuu alipokuja, mwalimu akatoa ile barua yako akaisoma mbele yetu wote, nikasema sasa Mama ataikana. Hukuikana. Ulisimama ukasema, "Ni yangu, na niliandika upumbavu." Sijawahi kusikia mtu mzima akisema hivyo. Darasa lilinyamaza kuliko siku zote nilizokuwa kiranja.

Binti wa fundi viatu bado hajarudi dawati letu. Nilimwambia samahani. Akasema sawa, lakini ilikuwa sawa ya mdomoni tu. Simlaumu, yeye alichapwa na mimi ndiye niliyemwandika. Juzi alinikopesha rula.

Bibi ananiambia nikuandikie kwamba nimekusamehe. Mama, sijakusamehe.

Ile barua ya viazi Bibi hakunisomea, aliificha chini ya godoro. Mimi niliitoa Alhamisi hiyo hiyo ilipofika nikaisoma yote. Najua kusoma, si ndiyo maana uko huko? Nilisoma kwamba mimi ni mwongo mkubwa na nikilala Ijumaa shule imekwisha. Nikakaa nikafikiri. Nisipokwenda, naondolewa shule. Nikienda, lazima nipeleke watu kumi. Ndipo nikachukua karatasi nikaandika jina la mtu ambaye mama yake ameshasema asionewe huruma. Sikujua kwamba mwalimu naye ulimwandikia hivyo hivyo. Nilidhani ni mimi tu uliyeniambia.

Nilikuwa sitaki kukwambia haya. Ulipokuja ulikuwa unalia, ukanishika mikono, nikanyamaza. Lakini ulipokwishapanda lori hasira ilinijaa mpaka tumbo likauma, likauma kweli, Bibi alinibonyeza akasema leo ni kweli. Akanipa maji ya moto, akaniambia kama kuna kitu kimo humo ndani kitoe. Ndiyo hiki.

Ukirudi mwezi ujao nitakuwa bado nimekukasirikia. Labda si sana. Njoo tu.

Mwanao